Mkwe, Mwambie Mwenzio

Ukienda nyumba ile kushonesha gauni au kuagiza keki, ulikaribishwa vizuri tu. Ulipewa kiti, ukaulizwa habari za nyumbani, na kabla hujakaa sawasawa ukaanza kujiuliza umeingia kwa watu wa namna gani. Maana yule dada mkubwa, aliyekaa sebuleni nyuma ya cherehani, angeinua uso na kumwambia paka, kwa sauti ya kufika jikoni, "Mkwe, mwambie mwenzio mteja wake amekuja." Na kutoka jikoni sauti nyingine ingejibu, "Mkwe, mwambie huyo mkubwa nimesikia, sijatia nta masikioni." Paka mwenyewe, dume la kijivu lenye kifua cheupe, angekuwa amejilaza kwenye kizingiti kati ya vyumba hivyo viwili, macho ameyafumba, hana habari na mtu. Mteja mgeni alicheka, akidhani ni utani wa ndugu. Mteja wa siku nyingi alikuwa ameshaacha kucheka.

Mtaani mkubwa aliitwa Fundi kwa kuwa alishona, na mdogo aliitwa Keki kwa kuwa alipika keki, na wengi walikuwa wamesahau kwamba wana majina mengine. Fundi alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, mtu wa kukagua mshono hata wa nguo aliyoivaa mgeni wake. Keki alijaa kidogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia, na akikupenda alikulisha. Una furaha, kula. Umefiwa, kula. Huna lolote, basi onja hii krimu umwambie kama sukari imezidi.

Paka alipewa jina na mama yao. Bibi yule, alipochoka kungoja binti zake waolewe, aliokota kijipaka kwenye mtaro siku ya mvua, akakileta ndani kimelowa chapachapa, akatangaza kwamba mkwe amepatikana: hana kazi wala viatu, lakini angalau jioni analala nyumbani. Binti zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakati huo walikuwa wanacheka pamoja.

Kisha mama akaugua kisukari, akaugua miaka, akafa. Na siku ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, dada hawa wakiwa wamesimama jikoni wanaosha vyombo vya watu, Fundi alikausha sahani, akaiweka juu ya nyingine, akasema bila hata kumtazama mdogo wake, "Keki zako ndizo zilizomuua mama."

Ndivyo alivyosema. Ni kweli Keki alikuwa akimpa mama kipande, kidogo, cha pembeni, mama akiomba kwa macho kuliko kwa mdomo. Aliweka kitambaa chini, akaenda chumbani, akafunga mlango. Asubuhi alihitaji kiberiti na hakukiona, na mdomo ukakataa kabisa kumuuliza dada yake. Akamuuliza paka. Fundi, aliyekuwa amesimama palepale, akamwambia paka kiberiti kiko juu ya friji. Wakaona kumbe inawezekana. Mwaka na ushei ukapita hivyo, nyumba moja, meza moja, na paka katikati. Na wewe usiwacheke sana, kwenu pia yupo mtu asiyesemeshana na mtu.

Keki alikuwa anangoja kitu kimoja tu. Hakutaka kuombwa radhi kwa magoti wala kuletewa zawadi. Alitaka dada yake amwambie kwamba hakumuua mama. Alingoja asubuhi, akangoja jioni, na kila Fundi alipofungua mdomo Keki aliacha anachofanya akasikiliza, na kila mara ilikuwa ni habari ya gesi au ya maji.

Basi Mkwe naye akaanza kunywa maji kupita kiasi. Bakuli lilijazwa, likakauka, likajazwa, naye akahamia kwenye ndoo. Mchanga wake wa kujisaidia ukawa unalowa chepechepe kutwa nzima. Alikula kwa pupa na bado akakonda, mpaka mgongo ukaonekana pingili moja moja, na miguu ya nyuma ikawa inakanyaga kwa kisigino, hatua nzito za mzee aliyevaa ndara. Fundi alimwambia Mkwe kwamba Mkwe anaumwa. Keki alimwambia Mkwe kwamba hilo hata kipofu analiona. Wakamtia kwenye kikapu, wakashika huyu mkono huu na huyu mkono ule, wakaenda naye kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni na mikono isiyo na haraka. Alimtoboa paka sikioni, akachukua tone la damu, akapima, akapima tena na mkojo, kisha akavua miwani akasema ni kisukari.

Keki aliona chumba kimebadilika rangi. Neno lile hakuwa amelisikia tangu msibani, na sasa limesemwa mchana kweupe juu ya meza ya bati, dada yake amesimama pembeni. Hakuthubutu kumtazama. Alijua Fundi anafikiria nini, kwa sababu hata yeye alikuwa anafikiria hilohilo: krimu aliyoilamba Mkwe kwenye mwiko, makombo ya keki chini ya meza, sahani ya maziwa kila jioni. Kama Mkwe naye atakufa kwa sukari, akifia jikoni kwake, basi lile neno la siku ya mazishi litakuwa la kweli, na hakuna mtu duniani atakayelifuta.

Daktari hakuwa na habari ya hayo. Aliwaeleza kwa utulivu kwamba paka si kama binadamu, kisukari chake kikishikwa mapema na chakula kikarekebishwa, wengine hupona kabisa wakaacha hata sindano. Nyama, kuku wa kuchemsha bila chumvi, samaki, au chakula cha makopo kisicho na unga. Zile punje kavu za paketi, basi. Maziwa, mkate, keki, basi. Ale kwanza, ndipo achomwe, asubuhi na jioni, kila siku saa zilezile. Dawa ikae ndani ya friji, isigande, na kabla ya kuivuta chupa iviringishwe taratibu viganjani, isitikiswe. Akigoma kula asichomwe, wapige simu. Akilegea, akiyumba, akitetemeka, ujue sukari imeshuka mno: apakwe asali kwenye fizi, kidogo kidogo, na aletwe mbio.

"Na kitu kimoja," alisema. "Mko wawili. Mmoja akishamchoma, amwambie mwenziwe. Dozi ikirudiwa, mtamuua."

"Mkwe, umesikia hayo," alisema Fundi.

Daktari alitabasamu. Alidhani ni mtu anayempenda paka wake.

Kazi ikagawanywa njiani, kupitia kikapuni. Fundi alimwambia Mkwe kwamba sindano atashika yeye, kwani maisha yake yote ni sindano. Keki alimwambia Mkwe kwamba chakula ni chake. Kisha Fundi akamwambia Mkwe amkumbushe huyo kwamba safari hii kuna mtu anaangalia. Kijembe hicho kilimwingia Keki hadi kwenye mfupa. Hakumtuma paka kurudisha jibu.

Lakini alifanya kazi. Weee, alifanya kazi mtu yule. Mtu ambaye hajawahi kumnyima kiumbe chakula aliamka akachemsha kuku, akachambua mifupa, akapima kwa mizani ileile ya kupimia unga. Mlango wa jikoni ukawekewa kitasa. Mwiko wa krimu ukaoshwa hapohapo. Mkwe alikuja akakaa mlangoni akamlilia kwa sauti ya kuvunja mawe, akajisugua miguuni, akatumia kila ujanja uliowahi kumfaa, na Keki akamwambia machozi yakimtoka kwamba hapana, baba, hapana, leo hapana. Jirani wa ng'ambo alikamatwa akimtupia kipande cha mkate dirishani, akapewa maneno ambayo hakutegemea kuyasikia kutoka kwa mwanamke mpole kama yule. Watoto wa wateja walipekuliwa biskuti mfukoni.

Sindano nayo ikawa haimkimbizi mtu. Fundi alimshika Mkwe ngozi ya ubavuni, akaivuta juu ikawa kama hema dogo, akapenyeza sindano chini yake, na Mkwe akaendelea kulamba sahani kana kwamba anachomwa mwingine. Ila Fundi alikuwa na sare za kupeleka huku na kule, siku nyingine alikwama huko, na ikabidi Keki naye ajifunze. Siku ya kwanza alichoma manyoya, dawa ikamwagika. Alitaka kuvuta nyingine. Fundi alimwambia Mkwe amwambie aache, haijulikani kiasi gani kimeingia, afadhali apitwe na moja kuliko azidishiwe. Kisha akavuta kiti karibu. Akamwambia Mkwe kwamba ngozi inashikwa kwa vidole viwili, hivi, kama unapima unene wa kitambaa, na sindano inaelekea chini ya pindo, si katikati ya pindo. Alikuwa anamwonyesha paka, na mikono yake ilikuwa karibu na mikono ya mdogo wake kuliko ilivyokuwa kwa muda mrefu. Keki alinusa chaki ya kushonea kwenye vidole vyake.

Wakazoea. Aliyewahi alichoma, akamwambia Mkwe kwa sauti, "Ushachomwa, kamwambie mwenzio," na mwenzio aliyekuwa chumba cha pili akasikia. Nyumba yenyewe ndogo, kuta nyembamba, ukikohoa mbele unaitikiwa nyuma. Na Mkwe alipata nafuu ya kuonekana. Maji akanywa ya kawaida. Manyoya yakarudisha mng'aro. Siku moja Keki alimkuta juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hakuwa amepanda tangu augue, akakaa chini akalia kwa furaha peke yake. Daktari alipompima alipunguza dozi, akasema wakiendelea hivi huenda sindano zikaachwa kabisa. Keki alirudi nyumbani mabega yamenyooka. Alijisemea moyoni kwamba Mkwe akipona, akapona kwa mkono wake, kwa chakula chake, dada yake hatakuwa na budi kulisema lile jambo.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wanaomjua fundi wa sare wanajua maana yake: cherehani inaanza kabla ya chai na watu wamepanga foleni na watoto wao mlangoni. Wiki hiyohiyo Keki alikuwa na keki ya sherehe ya watu wakubwa, mayai trei kwa trei, na mashine ya kukorogea iliyokuwa ikinguruma mpaka vikombe vinatembea mezani. Asubuhi ile Mkwe alipewa kuku wake penye mlango wa nyuma, akala akamaliza. Keki akarudi kwenye mashine. Fundi akaingia, akafungua friji, akaviringisha chupa viganjani, akamchoma Mkwe kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. "Ushachomwa," akamwambia, "kamwambie mwenzio." Akaenda zake sebuleni akakanyaga pedali. Keki, amempa kila mtu mgongo, alikuwa anatazama ute wa mayai unavyopanda.

Alipozima mashine aligeuka akamwona Mkwe amekaa kando ya sahani tupu, anajipangusa masharubu. Saa ya sindano ilikuwa imetimia na hakuwa amesikia kitu. Alisikiliza: sebuleni cherehani inakwenda kasi, dada yake amezama kazini, huenda amesahau. Akavuta dawa. Akashika ngozi kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, akachoma vizuri sana, bila kumwaga hata tone, na akajisifu moyoni. "Ushachomwa," alimwambia Mkwe kwa sauti, "kamwambie mkubwa." Mkubwa alikuwa anapiga mshono mrefu wa suruali.

Hakuna mwingine ambaye angeweza kufanya kosa lile. Watu wengine wangeulizana.

Keki alikuwa anapaka krimu tabaka la chini alipoona Mkwe anaingia kwa mwendo wa mlevi. Kile kitasa cha jikoni alikuwa amesahau kukifunga, akataka kumfukuza. Mkwe alipiga hatua mbili, miguu ya nyuma ikamwacha, akajikuta amekaa, akatazama huku na huku kama anayetafuta aliyemsukuma. Kisha akaanguka ubavu. Kichwa kikawa kinatetemeka.

"Dada," aliita Keki.

Cherehani ilinyamaza. Hakuita Mkwe, aliita dada, na kule sebuleni Fundi alisikia tofauti hiyo kabla ya kusikia hofu. Alikuja mbio, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, pini bado ziko mdomoni. Akazitema mkononi.

"Umemchoma leo?" aliuliza Keki.

"Nimemchoma. Nimemwambia akwambie..."

"Na mimi nimemchoma."

Walitazamana usoni. Yote mawili wakayaelewa kwa pamoja, kilichotokea na ujinga wa kilichotokea.

Keki alijua la kufanya. Kopo la asali lilikuwa palepale rafuni, usawa wa macho, hata kifuniko hakikuwa kimekazwa. Na mkono haukwenda. Niwaambie kweli, mkono wake uliganda hewani. Mwaka mzima aliishi na neno moja kifuani, na sasa ampe tena sukari kiumbe kinachokufa, mbele ya dada huyuhuyu? Na akifia mikononi mwake, utamu uko mdomoni?

"Mpe sukari," alisema Fundi.

Keki alimtazama tu.

"Mpe wewe, unajua kipimo. Mimi namshika." Fundi alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, kichwa cha paka kiko kiganjani mwake, na sauti yake kavu ilikuwa imepasuka katikati. "Mdogo wangu, mpe sukari. Usiogope. Mpe."

Hapo mkono ulikwenda. Alichovya kidole, akampaka fizi za juu, akampaka za chini, kidogo kidogo asije akapaliwa, akachovya tena. Hakuacha hata walipotoka mlangoni wakiwaacha wateja na vitoto vyao wameduwaa, wala ndani ya teksi, Fundi peku, paka amefungwa kwenye shati la shule ambalo halijatiwa vifungo. Dereva aliuliza mgonjwa ni nani, na walipojibu aliwasha taa za dharura akakanyaga mafuta kama amebeba mzazi. Karibu na kona ya mwisho Mkwe alitoa ulimi akakilamba kile kidole mwenyewe. Keki alisema, "Amelamba, dada." Fundi alisema, "Nimeona."

Daktari alimchukua bila maswali, akamtia dripu, akafunga mlango. Walikaa kwenye benchi la mbao ukutani, wamelowa jasho jembamba, mikono inanata asali. Alipotoka baada ya muda, miwani juu ya paji la uso, aliwaambia mgonjwa ameinua kichwa na amemkwaruza msaidizi, dalili nzuri sana. Asali imemwokoa. Ila dozi mbili bado zinafanya kazi mwilini, itabidi abaki pale mpaka jioni, wampime kila baada ya muda. Kisha akauliza nani alichoma.

Wote wawili walisema mimi.

"Si niliwaambia mwambiane?"

"Tuliambiana," alisema Fundi.

"Kwa njia gani?"

Fundi alitazama vidole vyake. Keki ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba walimwambia paka. Daktari alimtazama huyu, akamtazama yule, akasubiri kama kuna maelezo zaidi, na yalipokosekana akashusha miwani machoni akarudi ndani.

Wakabaki kwenye benchi. Na hapo ndipo walipogundua jambo ambalo hawakulifikiria hata siku moja: Mkwe hayupo. Yuko nyuma ya mlango na mrija mguuni. Kati yao kulikuwa na nafasi tupu ya ubao, upana wa kikapu, na hakuna wa kumtuma.

Fundi alianza kukunja ule utepe wake wa kupimia, akaukunjua, akaukunja. Keki alimwangalia akifanya hivyo mpaka hasira ikampanda. Ilimshangaza mwenyewe. Alitegemea machozi, kikaja kitu cha moto.

"Mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka kusemeshwa kupitia paka kama mtu mwenye ukoma. Uliniambia nimemuua mama. Nimeamka na neno hilo, nimelala nalo, nimepika keki za watu nalo. Nimengoja useme hukumaanisha. Mwaka mzima, dada. Umeshindwa kusema neno moja?"

Fundi aliacha utepe.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia lini?"

"Zamani. Hata mwezi wa pili haukuisha baada ya msiba. Ulikuwa na ile keki ya harusi, ile kubwa ya kwanza. Nilikaa kizingitini nikamweka Mkwe mapajani. Nikamwambia akwambie nilikosea. Kwamba daktari wa mama alishaniambia figo zilikufa kitambo, kabla hata ya keki zako, na nilijua, na bado nikakusema." Aliendelea bila kumtazama mtu. "Nikamwambia kwamba mama aliniomba na mimi. Aliomba kipande, nikamkatalia. Kila siku nilimkatalia, akawa ananuna nikiingia. Wewe ukiingia anacheka. Nilikuonea wivu. Nilimwambia Mkwe yote hayo. Nikangoja ujibu. Hukujibu kitu. Uliendelea na kazi zako, na mimi nikajua hutanisamehe, nikaona nisikusumbue."

Keki alikuwa amefunika mdomo kwa mkono unaonata.

"Mashine ilikuwa inanguruma," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa napiga mayai, dada. Ile mashine ikiwaka sisikii hata mlango. Sikusikia hata neno moja."

Fundi aligeuza shingo taratibu akamtazama mdogo wake, na uso wake mkavu ukafanya kitu ambacho haukuwa umekifanya hata kaburini kwa mama. Ulibomoka. Alilia kwa sauti, mkubwa mzima, miguu peku kwenye sakafu ya watu, na mwanamke aliyekuwa amepakata kuku mgonjwa kwenye kiti cha pembeni alihama kwa adabu akaenda kukaa mbali. Keki naye akalia, kisha katikati ya kilio akashikwa na kicheko, kwa sababu alimwona Mkwe siku ile, amekaa mapajani, anaambiwa siri nzito namna hiyo, anapiga miayo. Mwaka mzima ameificha. Mwaka mzima amelala nayo kizingitini. Alijaribu kumweleza Fundi kinachomchekesha akashindwa, na Fundi akacheka bila kuelezwa.

Wakatulia. Mlango wa ndani ulifunguka kidogo, msaidizi akapita na chupa mpya ya dripu, na nyuma yake kwa sekunde moja wakaisikia sauti ya Mkwe, inalalamika, ina nguvu. Mlango ukafungwa.

Keki alisogea kwenye ile nafasi tupu ya benchi mpaka bega lake likagusa bega la dada yake. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Haya," alisema. "Leo hakuna mashine. Niambie mimi."

Fundi alionekana kama mtu anayetafuta pa kuweka macho, maana alikuwa amezoea kutazama chini, kwenye kizingiti. Mwishowe akayaweka usoni kwa mdogo wake, akayaacha hapo.

"Hukumuua mama," alisema.

Keki aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesikia vizuri kabisa.

"Sema tena," alimwambia, na dada yake akasema tena.